Bawa la Senene Chini ya Daraja

Kila asubuhi kabla ya shule huteka ndoo mbili za maji, hufagia uani, humpelekea Babu uji wake, kisha hukasirika. Cha kunikasirisha hakikosekani. Mara kuku wamechafua pale pale nilipofagia, mara mdogo wangu amevaa soksi zangu, mara Mujuni amepita barabarani akipiga mluzi bila kuningoja, na anajua fika kwamba tunakwenda shule moja. Mama husema mimi nikiwaka, hata chai inaweza kuchemka bila kuni.

Naitwa Yuster. Kisa hiki kilitokea mwezi wa Novemba, nilipokuwa darasa la sita kijijini kwetu Kishanda, wilaya ya Muleba. Mwezi huo nilikasirika kuliko miezi yote ya maisha yangu, na sehemu kubwa ya hasira hiyo niliimwaga mahali pasipostahili. Ndiyo maana nakisimulia.

Yalikuwa yameandaliwa maonesho ya kazi za wanafunzi mjini Bukoba. Kila shule ilitakiwa kupeleka kazi moja na wanafunzi wawili. Mwalimu Consolata, anayetufundisha historia, alichagua modeli ya Vita vya Kagera, inayoonesha wanajeshi wetu wakivuka Mto Kagera pale Kyaka baada ya daraja kulipuliwa. Kazi akatupa mimi na Mujuni. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nina mikono mizuri. Mujuni alichaguliwa kwa sababu ana mdomo mzuri. Anaweza kumweleza mtu jambo mpaka mtu huyo asahau alichokuja kuuliza.

Msidhani ilikuwa kazi ya kuchezea udongo. Modeli ya kweli ina skeli. Yetu ilikuwa hivi: mita moja ya kweli ni sentimita mbili za ubaoni. Kwa hiyo mtu mzima alikuwa na urefu wa sentimita tatu na nusu, na ukimfanya wa sentimita tano umetengeneza jitu, siyo mwanajeshi. Nilipima kila kitu kwa rula. Wanajeshi niliwafunga kwa waya mwembamba, nikawavika nyuzi za mgomba mkavu. Kofia zao za chuma zilikuwa maganda ya kahawa niliyoyakata nusu. Vifaru viwili nilivifinyanga kwa udongo wa kichuguu, na mizinga yake ilikuwa mirija ya kalamu. Daraja lililovunjika lilikuwa la spoku za baiskeli, nalo limeinamia mtoni upande mmoja.

Msimamizi wangu hasa alikuwa Babu Kahigi, baba yake baba yangu. Yeye alikuwa mgambo katika vita ile akiwa kijana. Miaka yote ukimuuliza habari za vita alijibu, "Tulikwenda, tukarudi," kisha akauliza kama ng'ombe amepewa maji. Lakini siku niliyomwonesha ubao wangu alivuta kigoda, akaketi, akautazama mto kwa muda mrefu.

"Mgambo wote hatukuwa na kofia za chuma," akasema. "Waondolee hawa kumi. Na huyu mwenye viatu vizuri ni nani? Sisi tulikuwa na matope mpaka magotini."

Niliwaondolea kofia, nikawapaka matope. Kila jioni Babu aliongeza jambo, na kila aliposema jambo moja lilikuja jingine nyuma yake. Mwishowe alikubali kwenda nasi Bukoba kuwasimulia watu. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani: Babu asimame mbele ya modeli ile, aseme kwa sauti yale aliyonyamaza nayo tangu ujana wake.

Kulikuwa na mtu wa tatu katika kazi hii, ingawa jina lake halikuwa kwenye orodha. Ndaki alihamia shuleni kwetu mwaka uliotangulia. Baba yake ni mvuvi katika visiwa vya Muleba, na yeye alikuwa akiishi kijijini kwa dada yake Kija, anayeuza dagaa gulioni. Ni Wasukuma, na Kihaya cha Ndaki kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo wengi darasani walimwita "mtu wa visiwani" kana kwamba hana jina. Lakini alikuwa fundi! Wanajeshi wetu walihitaji daraja la kuelea la kuvukia, nami nilishindwa kutengeneza maboya yake. Ndaki alichukua ndala kuukuu, kama wavuvi wanavyozikata kutengenezea maboya ya nyavu, akachonga maboya kumi na mawili yanayolingana. Nilipoyapima kwa rula sikupata kosa hata la milimita moja, na nilitafuta sana.

Siku kumi kabla ya maonesho ilibaki kazi ya kuupaka mto vanishi ili ung'ae kama maji. Hiyo ilikuwa zamu ya Mujuni, Jumanne asubuhi. Mimi siku hiyo sikwenda shule, nilimsindikiza Babu hospitalini, huko Kagoma, kuangaliwa macho.

Jumatano niliwahi kuliko wote. Nikachukua ufunguo wa stoo kwa Mwalimu Consolata, nikafungua mlango nikiwa bado natabasamu.

Vita ilikuwa imepiganwa upya humo ndani. Wanajeshi walilala kifudifudi, wengine chini sakafuni. Mto ulikuwa umekwaruzwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kifaru kimoja kilikuwa kimevunjika mzinga, maganda ya kahawa yametawanyika, na kingo za daraja, zile spoku nilizozikunja wiki nzima mpaka vidole vikatoka malengelenge, hazikuwepo kabisa.

Nilipiga ukelele uliomtoa hata mpishi wa shule jikoni.

Mujuni alikuja akikimbia. Aliitazama modeli, akatazama chini. "Mimi niliiacha nzima," akasema. "Jana asubuhi nilipaka vanishi, nikafunga mlango. Halafu saa saba mchana Ndaki alichukua ufunguo kwa mwalimu. Alisema anakwenda kupachika maboya."

Hayo tu. Wala hakusema Ndaki ameivunja. Hakuwa na haja, kwa sababu mimi nilimalizia.

Nilimkuta Ndaki kwenye paredi, kengele ikiwa imeshagongwa na shule nzima imejipanga. Sikungoja. Nilipita kati ya mistari, nikamvuta mkoba wake begani na kuumwaga chini mbele ya watu wote. Yakadondoka madaftari, penseli, kipande cha muhogo uliochemshwa, na spoku zangu zilizopinda.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Umeivunja kwa wivu kwa sababu huendi Bukoba!"

"Nilikuta imevunjika," Ndaki akasema. "Nilizichukua nizinyooshe nyumbani kwa koleo ya baba. Nilitaka uzikute..."

"Uongo! Nani anyooshe kitu ambacho hakukivunja? Rudi visiwani kwenu!"

Watoto wakacheka. Nakiri kwamba kicheko kile kilinipa nguvu. Nikasema na mengine ambayo sitayaandika hapa.

Mwalimu Consolata alitutenganisha. Alimwuliza Ndaki mara mbili, naye akajibu lile lile mara mbili. Lakini spoku zilikuwa mkobani, na ufunguo alikuwa ameuchukua. Mwalimu akamwambia asikanyage tena stoo, na amlete baba yake shuleni. Ndaki aliokota madaftari yake moja moja. Muhogo hakuuokota. Siku ya pili hakuja shule, wala ya tatu.

Mimi niliona haki imetendeka. Nilianza kutengeneza upya peke yangu, nikigombana na kila kitu. Niligombana na waya, na gundi, na Mama aliyeniita kula. Mujuni alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akasema tumbo linamuuma, akaondoka. Nikagombana hata na tumbo lake.

Ijumaa mchana niliamua kuubandua mto wote na kuumba mwingine. Vanishi ilikuwa imekauka, ngumu kama kioo. Nilichomeka kisu chini ya daraja, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, nikainua kipande. Ndani ya vanishi kulikuwa na kitu chembamba cha kijani kibichi, kimenaswa. Nilikisogeza dirishani kwenye mwanga.

Lilikuwa bawa la senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Pembeni yake palikuwa na mguu, ule wa nyuma wenye miiba.

Mtu wa kwetu haambiwi senene ni nini. Wakianguka, kijiji kizima hutoka nje, hata mgonjwa hupata nafuu. Siku ile nikimpeleka Babu hospitalini tuliwaona alfajiri wamejaa majanini kando ya barabara, na watoto wanawaokota wakipigana vikumbo. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jua lilipopanda walikuwa wameshakwisha.

Nikakaa juu ya gunia la mahindi ya shule, nikafikiri. Vanishi ile ikipakwa asubuhi, kufika saa sita mchana huwa imekauka. Senene hawezi kunasa kwenye vanishi kavu. Basi huyu alinasa asubuhi, mto ukiwa bado mbichi, mlango au dirisha likiwa wazi, na wakati huo Ndaki alikuwa hajaingia humu. Nikaitazama upya ile mikwaruzo ya mtoni. Siku ya kwanza nilidhani ni kucha za mtu. Ilikuwa imekwenda mitatu mitatu. Binadamu gani ana vidole vitatu?

Kuku!

Sikumbuki nilivyofika kwa akina Mujuni. Nakumbuka tu kwamba mama yake, Mama Verdiana, alikuwa jikoni anakaanga senene, harufu imejaa uani, na Mujuni ameketi kibarazani na kisahani mapajani. Nilimwekea kile kipande cha mto juu ya kisahani chake.

"Kula na huyu," nikamwambia.

Alikitazama. Rangi ikamtoka. Mama yake akachungulia akiwa na mwiko mkononi. "Waitu, Yuster, huyo ni nani tena umemletea mwenzako?"

"Mwambie mama yako ni nani, Mujuni. Mwambie!"

Akaanza kulia kabla ya kusema. Alikuwa amepaka vanishi, akaacha mlango na dirisha wazi ili harufu itoke. Akasikia makelele ya senene uwanjani. Akasema moyoni mwake, nijaze chupa moja tu. Chupa moja ikawa mbili. Aliporudi, senene walioingia stoo walikuwa wamenasa mtoni, na kuku wa nyumba za walimu walikuwa juu ya ubao wanawadonoa na kuparua. Aliwafukuza, akaondoa manyoya, akawabandua senene mmoja mmoja, akafunga mlango.

"Nilitaka kusema," akalia. "Kisha Ndaki akaingia mchana, nami nikafikiri labda..."

"Labda nini?"

"Labda sitahitaji kusema."

Mama Verdiana aliuacha mwiko wake ndani ya kikaango. "Mwana wange," akamwambia mwanawe, na sauti yake ilikuwa chini, mbaya kuliko ukelele. "Yaani mtoto wa watu ana siku mbili hajasoma, na wewe upo hapa unakula?" Akachukua kile kisahani, akakirudisha jikoni.

Mimi nilimshika Mujuni kola, nikamwambia yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi. Kisha nikarudi nyumbani mbio, nikiwa na furaha kali. Nilimkuta Babu anachagua punje za kahawa kwenye ungo, dawa ya macho imemlowesha mashavu.

"Babu, nimemkamata!" Nikamweleza kuanzia bawa mpaka kola. "Kumbe muda wote ni Mujuni! Mwongo mkubwa! Jumatatu nitamwanika mbele ya shule nzima."

Nilingoja anisifu. Babu akatoa punje mbovu, akaitupa.

"Na Ndaki amesema nini ulipomwambia?"

"Sijamwambia. Nilikuja kukueleza wewe kwanza."

"Ehe."

"Babu, kosa ni la Mujuni!"

"Mujuni alidanganya kwa kunyamaza. Atajibu lake. Mimi nauliza, nani alimwaga mkoba wa mtoto yule? Ni Mujuni?"

Nikawaka. Nilimwambia kwamba hata yeye hanielewi, kwamba mtu yeyote angedhani hivyo, spoku zilikuwa mkobani, mwalimu mwenyewe aliamini. Nilisema kwa sauti ambayo mjukuu hapaswi kumtolea babu yake. Aliendelea kuchagua kahawa mpaka nikamaliza maneno.

"Kaa," akasema. "Kuna mtu sijakwambia umweke pale mtoni."

Nikakaa chini.

"Wiki ile ya kuvuka, tulimkuta mtu ukingoni. Hana mzigo, amelowa, anahangaika huku na huku. Tukamwuliza kwa Kihaya, hajui. Kiswahili chake kilikuwa cha namna nyingine, kizito. Mimi nilikuwa na hasira, Yuster. Nyumba zimechomwa, watu wamekufa, na nilikuwa sijampata wa kumlipa. Nikanyoosha kidole, nikapiga kelele, 'Mpelelezi!' Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na sauti tu. Wenzangu wakamwangukia. Na mimi nilimpiga. Walimvunja mkono huu." Babu aliugusa mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko. "Afande alipofika, akamwuliza taratibu. Kumbe alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, anamtafuta mke wake waliyepotezana wakati watu wanakimbia. Basi."

"Mkamfanyaje?"

"Wakamfunga mkono kwa kijiti, akaenda zake. Adui wa kweli alikuwa ng'ambo, na mimi hasira yangu niliimalizia kwa mtu wa upande wangu, kwa sababu alikuwa karibu na hakusema kama sisi."

Alirudi kwenye kahawa yake. Mimi nilibaki nimekaa. Hasira ilikuwa bado imo kifuani, ila sasa ilikuwa imegeuka na kunitazama mwenyewe, na hakuna hasira inayochoma kama hiyo.

Jumamosi nilikwenda gulioni. Kija alikuwa nyuma ya furushi la dagaa, anapima kwa kopo. Aliponiona aliweka kopo chini.

"Umekuja kumwaga na dagaa?"

"Hapana, dada. Nimekuja kumwomba Ndaki msamaha."

"Msamaha!" Akacheka bila furaha. "Ulimtukana mbele ya shule, sasa unataka kumwomba msamaha nyuma ya furushi, watu wasione? Mdogo wangu amesema hasomi tena. Anataka kwenda kisiwani kwa baba akavue. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Unajua nilivyohangaika mpaka akapata nafasi hapo shuleni kwenu?"

Ndaki alitokea nyuma na ndoo tupu. Nilimwambia habari ya bawa, na kuku, na Mujuni. Alisikiliza huku anatazama ndoo.

"Nilikwambia nilikuta imevunjika," akasema.

"Ulinambia. Sikukusikiliza kwa sababu sikutaka. Nisamehe."

"Wewe umenambia hapa. Wale waliocheka wako kule."

Alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani bila msamaha wangu, na njia nzima nilitamani kukasirika na mtu, nikamkosa.

Jumatatu kwenye paredi nilimwomba Mwalimu Consolata nafasi. Kija alikuwa amemleta Ndaki mwenyewe, akasimama naye langoni, mikono kiunoni. Nilipanda kwenye jiwe wanakosimama viranja. Jumatano nilipiga kelele tu, na kupiga kelele hakuhitaji ujasiri.

"Jumatano nilisema hapa kwamba Ndaki ni mwizi na ameivunja modeli yetu," nikasema. "Si kweli. Hakuivunja. Alichukua spoku akazitengeneze, akanieleza, nami nikamwita mwongo. Nilimwambia arudi visiwani. Shule hii ni yake kama ilivyo yangu. Ndaki, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mujuni alitoka mstarini bila kuitwa, akapanda, akasema yake kuhusu vanishi na chupa mbili za senene. Alisema kwa ufupi, yeye mwenye mdomo wake wote ule. Kisha jambo nisilolitarajia likatokea. Mwalimu Consolata akasogea mbele.

"Na mimi niliamua haraka," akasema. "Niliangalia mkoba, sikuangalia chumba. Ndaki, mwalimu wako anakuomba radhi."

Ndaki alitazama langoni kwa dada yake. Kija akashusha mikono kiunoni. Ndaki akaingia mstarini, akasimama mahali pake. Baadaye, tulipokuwa tunaingia darasani, alinipita na kusema bila kunitazama, "Spoku nne nimeshazinyoosha. Ziko mkobani. Usiumwage."

Zilibaki siku nne. Mwalimu alimtoa Mujuni katika safari ya Bukoba, akamweka Ndaki mahali pake. Hata hivyo Mujuni alikuja stoo kila siku baada ya masomo, akakata maganda ya kahawa ya kofia mpaka vidole vikawa vyeusi, na hakuna aliyemlazimisha. Mimi sikuwa nimemaliza kumkasirikia, nami nilimwambia hivyo. "Najua," akajibu, akaendelea kukata. Alikuwa ameleta kufuli la pili kutoka kwao la kufungia dirisha.

Alhamisi jioni, kila kitu kikiwa tayari, Babu alikuja stoo na fimbo yake. Alizunguka ubao, akahesabu kwa midomo. Kisha akamwita Ndaki karibu, akamsimulia habari ya yule mchuuzi, bila kuficha chochote, hata lile la kumpiga. Ndaki alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitamchonga," akasema. "Alikuwa mrefu?"

"Alikuwa mtu wa kawaida."

"Basi sentimita tatu na nusu," nikasema.

Ijumaa tuliondoka Kishanda kukiwa kumekucha, kwa pikapu ya mnunuzi wa kahawa, modeli ikiwa juu ya godoro na mimi na Ndaki tumeishika huku na huku. Kila dereva alipogonga shimo nilimfokea. Babu alikaa mbele amevaa koti lake la kanisani.

Ukumbi wa Bukoba ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mashine ya kupukuchulia mahindi, taa ya maji ya chumvi, na nyumba ya msonge yenye mlango unaofunguka. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani, aliitwa Bi Georgina. Aliinama juu ya mto wetu muda mrefu. Aliuliza skeli, nikamjibu. Aliuliza maboya, Ndaki akamjibu, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti yake. Halafu kidole chake kikasimama ukingoni mwa mto.

"Na huyu? Hana kofia wala bunduki, na ameinua mikono. Ni adui aliyesalimu amri?"

Mimi na Ndaki tulimtazama Babu. Watu walikuwa wamesogea, wanangoja. Babu akavua kofia yake.

"Hapana, mama," akasema. "Huyu ni mtu niliyemwita adui."

Akasimulia, na ukumbi ule wenye kelele ukatulia upande wetu. Alisimulia matope, vifaru, na wenzake waliobaki ng'ambo. Kisha akasimulia yule mtu. Bi Georgina aliacha kuandika.

"Aliitwa nani, mzee?" akauliza.

"Hapo ndipo panaponiuma," Babu akasema. "Nilipata muda wa kumpiga. Sikupata muda wa kumwuliza jina."

Tulikuwa wa tatu. Mashine ya mahindi ilikuwa ya kwanza, na nilikasirika, kwa sababu haikuwa na skeli yoyote. Lakini tulipokuwa tunapakia modeli kwenye pikapu, Babu alituita mimi na Ndaki, akatushika mabega.

"Wajukuu zangu, sikilizeni. Hasira si dhambi. Mtu asiyekasirika akiona uonevu ana kasoro. Lakini hasira haina macho, macho unayo wewe. Kabla hujanyoosha kidole, uliza, kisha ungoje jibu. Na ukikosea mbele ya watu, usijifiche kuomba radhi. Usisubiri kuwa mzee kama mimi, ukamwombe msamaha mtu wa sentimita tatu na nusu."

Alimchukua yule mtu mdogo kutoka ukingoni mwa mto, akamfunika kwa kitambaa na kumweka kwenye mfuko wa koti lake la kanisani, ili asivunjike njiani.